Majosho Saba

Fundi Opicho aliuliza swali moja tu kabla hajagusa kitu chochote, na Muhiba akalijibu kwa uongo.

"Mama Hayat, hii gari imeingia maji?"

"Hapana," alisema Muhiba. "Maji yatatoka wapi, fundi?"

Muoki alikuwa amesimama kando yake akipangusa jasho, maana ndiye aliyemsaidia kulisukuma gari juu ya mkokoteni kutoka ploti yao hadi kibanda cha fundi, pale Mlango Kubwa karibu na mteremko wa kushukia Mathare. Muoki ndiye keateka, mwangalizi wa ploti hiyo ya wapangaji. Tangu mwaka uliopita aliwaruhusu kuliegesha gari chini ya ngazi, ingawa mwenye nyumba alikwisha kubandika karatasi ukutani kwamba chini ya ngazi pasiwekwe kitu. Muhiba asingeweza kusimama mbele ya mtu wa namna hiyo akaanza kusimulia habari za mbwa wake.

Gari lenyewe lilikuwa jipu jekundu la plastiki, la watoto kuchezea, lenye kiti kimoja, betri chini ya kiti, na rimoti ya kumwezesha mzazi kuliendesha huku akitembea nyuma. Lakini nyumbani kwa Muhiba na mumewe Zaki hakuna aliyelichezea. Lilikuwa miguu ya binti yao Hayat, mwenye miaka tisa, ambaye miguu yake mwenyewe haikupata nguvu tangu kuzaliwa. Kiti cha magurudumu walichowahi kupewa kilikuwa cha mtu mzima, na kilikwama katika kila shimo la mtaa. Jipu walilinunua kwa mfanyabiashara mmoja ambaye mwanawe alikwisha kulizidi umri, na mashimo yale yale likayapita bila taabu. Muhiba akibonyeza rimoti nyuma, Hayat akishika usukani mbele kana kwamba ndiye dereva, wakaenda madrasa na kurudi.

Opicho hakumbishia. Alikuwa mtu wa Busia, mwembamba, wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa waya wa redio. Mezani pake, kati ya ving'amuzi na spika zilizofunguliwa, palikuwa na kipande cha chaki. Muhiba alitaka kujua bei. Fundi akamwambia hawezi kutaja bei ya ugonjwa asioujua. Kisha akauliza gari linahitajika lini.

"Jumamosi," Muhiba alisema. "Kabla ya saa tatu asubuhi."

Ilikuwa Jumatano. Opicho akatazama gari, akamtazama Muhiba, akasema arudi kesho.

Ukweli ni kwamba maji yaliingia, tena si kidogo. Yaliingia mara saba.

Jumapili iliyotangulia, mvua ilipokuwa ikinyesha, mbwa wa Muoki aitwaye Bosi alikimbilia chini ya ngazi akiwa chepechepe, akapanda kitini mwa Hayat, akajikunja, akalala fofofo. Muhiba alimkuta ameuegemeza mdomo wake kwenye usukani, udenda ukimtoka. Gari hilo kila siku lilifika hadi ukingoni mwa mkeka wa madrasa, penye misahafu na watoto wenye udhu. Na Muhiba ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Tangu utotoni alifunzwa kwamba kilichoingiwa na udenda wa mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo saba iwe kwa udongo. Hakuona haja ya kumuuliza mtu.

Udongo wa mtaani hakuuamini. Kwa mitaro ile ya kwetu, nani angeapa kwamba udongo wenyewe ni safi? Akaenda kwa muuza miche wa kando ya barabara, akaomba udongo mwekundu, akajaziwa mfuko. Akaukoroga katika ndoo, akalipaka gari lote, juu, chini, ndani, chini ya kiti, kisha akalimwagia maji mengine mara sita. Muhiba hafanyi jambo nusu nusu. Alipomaliza, jipu liling'aa kuliko siku lilipotoka dukani, na hapo hapo, likiwa bado linachuruzika, akabonyeza rimoti aone kama bado linaitika. Likaitika. Akamshukuru Mungu, akaenda kupika. Jumatatu lilifika nusu ya njia, likashtukashtuka, likazima.

*

Siku mbili Muhiba alimbeba bintiye mgongoni. Hayat si mtoto mchanga tena. Jumanne, walipofika langoni pa madrasa, Muhiba aliishiwa pumzi, akamweka juu ya katoni tupu la sabuni nje ya duka, akarudi hatua chache kuokota kiatu kilichodondoka njiani. Aliporejea alikuta sarafu ya shilingi ishirini imetua mapajani mwa mtoto. Mwanamke aliyeiweka alikwisha kupita, anaendelea na safari yake, bila shaka akijiona amefanya jema. Hayat alikuwa ameficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo ili asiiguse.

Ndani ya jipu mambo hayo hayakuwahi kutokea. Watu walimpungia mkono, wenye mikokoteni wakampigia honi za mdomo, watoto wakamfuata wakiomba lifti. Mtu mwenye gari hapewi sadaka.

Jumatano ile jioni, baada ya gari kupelekwa kwa fundi, Zaki alirudi kutoka kiwandani Baba Dogo, wanakotengeneza mabeseni, akanawa, wakala. Akasema Jumamosi ameomba ruhusa, na gari lisipopona atambeba Hayat mabegani mwenyewe. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kisomo cha watoto waliohitimu juzuu Amma, ile ya mwisho ya Kurani, wageni wamealikwa, na Hayat ndiye aliyechaguliwa kufungua. Maalim Haji alimchagua kwa sauti yake na kwa kuwa hakosei, wala si kwa kumwonea huruma, na jambo hilo Muhiba alilijua na kulitunza moyoni.

"Siendi mabegani," alisema Hayat.

Baba yake alimkumbusha kwamba wageni watakuwa wanamsubiri. Hayat akajibu kwamba Mungu anasikia hata hapa nyumbani, kwa hiyo atasoma hapa hapa. Hoja yenyewe ilikuwa na dini ndani yake, na Zaki akajiongezea chakula.

"Gari ikipona, naenda," alisema Hayat, akilamba kijiko. "Isipopona, siendi. Na msinibembeleze."

Muhiba alimtazama mwanawe, akajiona mwenyewe alipokuwa na umri ule, na moyo ukamuuma kwa mapenzi na kwa hatia. Yeye ndiye aliyeliua gari. Yeye pia ndiye aliyemnyima fundi habari ya kumsaidia kulifufua. Alijiambia kesho atasema.

*

Kesho hakusema. Alimkuta Opicho amekwisha lichambua jipu, vipande vyake vimepangwa mezani mstari mmoja, na mbele ya kila kipande, isipokuwa kimoja, ameandika alama ya vema kwa chaki. Muhiba alikuwa amewaona mafundi wengi maishani, wale wa kupigapiga kitu kwa bisibisi mpaka kilie, na wale wa kubadilisha hiki na kile kwa pesa za mwenyewe mpaka bahati iwaangukie. Huyu hakuwa mmoja wao.

"Mimi sitafuti chenye kimekufa," Opicho alimweleza. "Nafuata chenye kiko hai mpaka kiishe. Naanza kwa betri. Betri iko na moto. Fyuzi inapitisha. Mota za nyuma, nikizipelekea moto moja kwa moja, zinazunguka zote mbili. Mota ya usukani pia. Swichi ya kukanyaga iko sawa. Moto unafika mpaka hapa."

Muhiba alikuwa ameanza kutafuta moshi, kisha akaelewa kwamba moto wa mafundi ni umeme. Kidole cha Opicho kilisimama juu ya bodi, ubao mdogo wa kijani, si mkubwa kuliko pakiti ya majani ya chai, ambao ndio huipokea sauti ya rimoti na kuzipa mota amri. Bodi hiyo peke yake haikuwa na alama ya chaki.

"Inaingia moto, haitoi kitu," alisema. "Na nimeiangalia juu yote. Ni safi. Ni safi sana, Mama Hayat. Gari ya miaka minne Nairobi, bila vumbi hata kidogo." Akainua macho juu ya miwani. "Una uhakika hakuna maji?"

Muoki hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu. Lakini uongo wa jana ulikuwa umesimama kati yao, na kuuvunja kulitaka kukiri mambo mawili badala ya moja. Muhiba akasema yeye hupenda usafi, hulifuta kwa kitambaa. Opicho akaitikia kwa kichwa, kwa heshima tupu, na heshima hiyo ilimchoma kuliko kama angemwita mwongo.

*

Ijumaa baada ya adhuhuri alimkuta ameinama juu ya bodi na kioo cha kukuzia, kile cha wasoma Biblia wenye macho mabovu. Alikuwa ameng'oa viboksi viwili vyeusi kutoka kwenye ubao, vile ambavyo kazi yake ni kubofya na kuzipelekea mota moto. Akamsogezea Muhiba kioo.

Chini ya mahali viboksi vilipokaa palikuwa na udongo. Udongo mwekundu, laini, umekauka kama rangi.

"Hii si uchafu ya barabara," alisema Opicho. "Hapa kwetu ni tope nyeusi, mpaka Mathare chini. Hii nyekundu haiwezi kujileta. Na haikurushwa na gurudumu, kwa sababu iko hapa ndani tu, nyuma ya boksi, penye maji pekee yanaweza kufika." Akakipokea kioo. "Mimi sikuulizi ili nikulaumu. Nikijua maji ilikuwa ya aina gani, na iliingia vipi, najua pa kuangalia."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Muhiba iliishia hapo, kwenye kibanda cha mabati, mbele ya mtu asiye wa dini yake. Akavuta kigoda akaketi. Akaeleza yote: mvua, mbwa, udenda, udongo wa muuza miche, majosho saba moja baada ya jingine, na Muoki aliyewapa nafasi chini ya ngazi. Alieleza akitazama chini, akingoja kicheko.

Opicho hakucheka. Aliuliza maswali. Josho la udongo lilikuwa la ngapi? La kwanza. Maji yalimwagwa kutoka juu au kutoka upande? Kutoka juu, kwa kata, na mara mbili za mwisho kwa ndoo nzima. Na baada ya hapo gari lilikaa muda gani kabla ya kuwashwa?

"Halikukaa," alisema Muhiba. "Niliwasha hapo hapo."

"Basi ndiyo hiyo." Fundi aliegemea nyuma. "Maji pekee haiui bodi. Ungeacha ikauke siku mbili, ingekuwa nzima mpaka leo. Ni maji na moto pamoja. Ulipobonyeza, moto ukapitia kwenye tope, ukaanza kula shaba." Kisha akasema jambo ambalo Muhiba hakulitarajia. "Lakini ulikuwa unamtengenezea mtoto mahali pasafi. Hiyo si makosa ya ujinga."

Machozi yalimjia Muhiba, akayaacha yatoke.

Opicho akageuka kuchukua chupa ya spiriti na mswaki mkuukuu ili asugue tope, akaifungua, halafu mkono wake ukasimama hewani. Akaitazama chupa, akamtazama Muhiba.

"Na hii," alisema polepole, "hii ni pombe. Inaruhusiwa?"

Muhiba alikuwa bado anafuta macho, na hapo kicheko kikampata bila kumwomba ruhusa. Lakini safari hii hakutaka kujitolea fatwa mwenyewe. Alitoa simu akampigia Maalim Haji, mzee mpole wa madrasa, akamweleza kisa kizima tangu mbwa hadi spiriti. Maalim alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mbwa alilala wapi hasa.

"Kitini, Maalim. Na mdomo ukawa usukanini."

"Chini ya gari aliingia?"

"La."

"Basi, Bi Muhiba, palipotaka kuoshwa ni kiti na usukani." Muhiba alihisi masikio yake yakipata moto. "Na hiyo spiriti, mwambie fundi aendelee na kazi yake. Gari halisali."

*

Kusugua kulimchukua Opicho saa nzima. Muhiba alikaa akamtazama, na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyozidi kumheshimu. Aligusa ubao ule kwa wepesi wa mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Tope lilipotoka, majeraha yakaonekana: njia mbili nyembamba za shaba zimekatika, na kipande kidogo cheusi chenye miguu mingi, miguu ya upande mmoja imeliwa ikaisha.

Njia za shaba aliziunga kwa unyuzi mmoja wa waya, mwembamba kuliko unywele, akiushika kwa kibano na kuushikiza kwa tone la risasi iliyoyeyushwa. Akavirudisha vile viboksi viwili. Akaunga betri, akachukua kipande cha waya, akagusisha ncha zake mahali pawili kwenye bodi. Vikabofya. Magurudumu ya nyuma, yaliyokuwa yameinuliwa juu ya matofali, yakazunguka. Opicho akachora alama ya vema, lakini ndogo, nusu ya zile nyingine.

Ilikuwa ndogo kwa sababu kile kipande chenye miguu iliyoliwa ndicho kilichokuwa kikisikiliza rimoti, na hicho kimekufa, hakuna wa kukifufua. Bodi nyingine angeweza kuiagiza mjini. Ingechukua wiki mbili, pengine tatu. Lakini nusu ya bodi hii iko hai, alisema, na nusu hiyo haihitaji rimoti. Inahitaji kidole. Akatoa kwenye kopo kitufe cha kengele ya mlango. Angekifunga kwenye usukani, hapo kidole gumba cha Hayat kinapokaa, na angeiachilia mota ya usukani ili usukani uwe huru.

Muhiba alielewa, na alipoelewa akaogopa. Miaka miwili kidole kilichokuwa kikimwendesha Hayat ni chake yeye.

"Na mimi nitalisimamisha vipi?"

"Wewe hutalisimamisha. Yeye akiachilia kidole, linasimama."

"Ana miaka tisa, fundi. Barabara ile ina pikipiki, ina mikokoteni, ina watu wasiotazama."

"Najua," alisema Opicho. "Ukitaka tungoje bodi ya rimoti, tutangoja. Mtoto ni wako."

Hofu ya Muhiba haikuwa ya bodi tena. Aliiwaza ile barabara. Akawaza pia ile mikono miwili iliyofichwa nyuma ya mgongo. Alitoka akatembea hadi nyumbani, akamwambia Hayat kwamba fundi anamtaka yeye mwenyewe, akampa mgongo. Hayat alifikiri kidogo, akaupanda.

*

"Shikamoo, anko," alisema Hayat alipotuliwa.

Opicho, ambaye mtaani kwake salamu ya watoto ni 'sasa' na 'niaje', alichelewa kidogo kulipata jibu. "Marahaba," alisema hatimaye, akajifuta mikono na kumfungulia mlango wa jipu.

Mara ya kwanza Hayat alibonyeza kwa nguvu zake zote, jipu likaruka mbele likagonga mguu wa meza, king'amuzi kikaanguka na fundi akakidaka. Muhiba akanyanyuka. Opicho akamwomba aketi. Kisha akachukua chaki, akachora mstari kwenye saruji mbele ya kibanda, akamwambia Hayat aje hadi hapo asiuvuke. Akauvuka. Akamwambia tena. Akauvuka tena, kidogo. Hakumkaripia wala hakumsifu bure. Kila mara alilirudisha gari nyuma mwenyewe, akaufuta mstari, akauchora mahali pengine. Mara ya tisa gurudumu la mbele lilisimama juu ya chaki. Mara ya kumi na moja lilisimama upana wa kiganja kabla yake, na mara ya kumi na mbili vile vile.

"Umeona," Opicho alisema. "Breki ni kuachilia."

Alikuwa akimwambia Hayat.

Bei aliyotaja ilikuwa ya siku moja. Muhiba akasema siku mbili za kwanza zilipotea kwa sababu ya uongo wake, kwa hiyo azilipie. Opicho akakataa katakata, akasema siku hizo alijifunza bodi ambayo hakuwahi kuijua. Walibishana, na mwisho Muhiba akakubali kumshonea pazia la kibanda, maana ana cherehani nyumbani na kibanda kile jua lilikuwa likikipiga usoni.

Jioni hiyo alimfuata Muoki langoni, akamweleza habari za mbwa, mwanzo hadi mwisho, kabla hajazisikia kwa mwingine. Muoki alikuna kichwa. "Si ungesema tu, Mama Hayat," alisema. Akaenda kutafuta ubao wa kuzibia chini ya ngazi.

*

Jumamosi saa mbili na nusu walitoka, Zaki akiwa amevaa kanzu yake ya Idi, Hayat hijabu nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili. Hayat aliwaomba wasimtangulie na wasimsukume. Wakakubali. Muhiba alitembea nyuma, mikono yake haina la kufanya, akaikunja, akaikunjua, akashika buibui. Pale njia panda mkokoteni wa madumu ya maji uliibuka kwa kasi kutoka upande. Kidole cha Muhiba kikabonyeza rimoti isiyokuwepo. Lakini jipu lilikuwa limekwisha simama. Hayat aliinua mkono mmoja akampa mwenye mkokoteni njia, naye akapita akimshukuru, kisha kidole kikarudi kwenye kitufe.

Mlangoni pa madrasa hakungoja kuingizwa hadi mkekani kama siku zote. Alisimama pale kila mtu anapovulia viatu, akafungua mlango wa gari, akajiinua kwa mikono. Rafiki yake Ifrah akamwinamishia bega, wakaingia pamoja kwenye safu ya wasomaji.

"Mama, wewe nenda kwa wageni," alisema Hayat bila kugeuka. "Leo si unakaa na wakubwa."

Miaka yote miwili Muhiba alikuwa akiketi pembeni mwa darasa, kati ya watoto, rimoti mapajani. Upande wa akina mama hakuwahi kuketi. Alikwenda akapata nafasi karibu na mlango, akajibanza kati ya wanawake asiowajua. Maalim Haji akatoa salamu. Halafu sauti ya Hayat ikaanza, peke yake, tulivu, kila herufi ikitoka mahali pake, na chumba kizima kikanyamaza. Muhiba alijua kila pumzi itakapovutwa. Hata hivyo alisikiliza kama mtu aliyealikwa.

Katikati ya kisomo bibi mmoja wa makamo ya juu, aliyechelewa, alisimama mlangoni akihangaika kupita na fimbo yake. Jipu jekundu lilikuwa limekaa mshazari kati ya viatu, limeziba nusu ya mlango. Bibi akaligonga kwa fimbo, akawainamia akina mama waliokaa karibu.

"Nani huyu ameegesha gari mlangoni namna hii?" alinong'ona kwa hasira.

"Ni la binti yangu, bibi," alisema Muhiba, akimpa mkono apite. "Ndiye huyo anayesoma. Akimaliza atakuja kuliondoa mwenyewe."